Sharti la Bi Hamisa

Lori la Kisiju lilikuwa limekwisha kuondoka Kasiani Komba alipofika Mtoni. Alilikuta katikati ya barabara ya Kilwa, linayumba kwenye matope ya masika, utingo anakimbia nyuma yake na kigogo cha kuzuilia gurudumu. Juu ya magunia ya chumvi alikaa bibi kizee, kaniki kichwani. Mkono mmoja kashika ubao wa lori. Mkono wa pili alikuwa anamnyooshea Kasiani, kisha anaonyesha kitu kilichofungwa kwa kamba ubavuni pake, kisha anamnyooshea tena. Kilikuwa kinu, kinu cha kutwangia, na mchi wake.

Kasiani alishuka kwenye baiskeli akalipisha lori. Lilipita, likamrushia tope, likaenda zake.

Kando ya barabara alisimama mwanamume wa makamo, kofia nyeupe, shati limepigwa pasi, anapunga mkono mpaka lori likapotea.

"Nani yule bibi?" Kasiani akauliza.

"Shangazi yangu, Bi Hamisa. Dada yake kule Kisiju hajiwezi, anakwenda kumuuguza. Na wewe ndiye askari kanzu? Mie ndiye Hija. Mie ndiye niliyeleta taarifa."

"Bi Hamisa huyu ndiye aliyeuza shamba?"

"Ndiye."

"Na kesi ya shamba ni kesho mbele ya Liwali."

"Mzee wa watu atafanya nini barazani, Sajini? Atakohoa tu. Kaniachia mie nimsemee, na Liwali anajua." Hija akacheka kidogo. "Hata huko Kisiju kufika leo ni dua. Mto Mzinga umefurika, malori yote yanangoja Kongowe maji yapungue."

 Kasiani alifuta tope kwenye suruali, wakaongozana kwenda shambani.

Sasa habari yenyewe ilikuwa hivi. Bi Hamisa, Mzaramo wa pale pale Mtoni, mjane asiye na mtoto aliye hai, alimwuzia shamba lake Gozbert, Mhaya wa Bukoba, karani wa bandarini. Waliuziana kwa desturi ya pwani. Walizunguka mpaka wa minyaa, muuzaji mbele, mnunuzi nyuma, majirani wakifuata ili macho yao yawe ushahidi. Walipofika kwenye kaburi la marehemu mume wa Bi Hamisa, bibi alisimama akaweka sharti. Alisema, na watu wakasikia: "Humu hazikwi mtu ila mimi, kando ya mume wangu. Siku atakapozikwa mgeni, shamba linarudi, na nilichopokea nimekula." Gozbert akasema nimekubali. Wakasoma fatiha, wakala wali, wakatawanyika.

Gozbert akajenga, akapanda migomba aliyoipata kwa watu wa kwao. Mke wake, Kokushubila, akachukua mimba. Watu waliliona tumbo. Kisha siku moja hawakuliona tena, wala hawakusikia kilio cha mtoto. Mwezi uliofuata Hija akaona tuta dogo shambani, lina msalaba wa fito. Akaenda kwa Liwali kudai shamba. Akaenda na polisi, maana eneo lile kuzika nje ya makaburi bila kibali ni kosa la serikali. Bwana Inspekta akampa Kasiani karatasi ya kufukua na neno moja: nataka kujua aliyemo.

Wakamkuta Gozbert amesimama karibu na tuta, amevaa tai kama anayekwenda kazini. Askari Fransis, kijana wa Masasi, alikuwa ameegemea jembe.

"Bwana Gozbert," Kasiani akasema, "kaburi hili ni lako?"

"Si langu. Nililikuta tu nilipotoka kazini."

"Mkeo alijifungua?"

"Alijifungua."

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto alikufa, Bwana Sajini. Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Umeona?" Hija akadakia. "Hana la kusema! Mtu mwenye haki zake huwa na la kusema mpaka wewe mwenyewe uchoke."

"Nawe nyamaza," Kasiani akamwambia.

Alilizunguka tuta. Msalaba ulikuwa umechomekwa ncha ya mashariki. Alimwita Fransis pembeni.

"Kwenu Masasi Mkristo analazwa kichwa wapi?"

"Magharibi, afande. Ili siku ya mwisho akiinuka atazame jua linakotoka."

"Na msalaba huwekwa wapi?"

"Kichwani." Fransis akatazama tuta, akatazama jua. "Huyu wamemlaza kinyume."

"Au aliyeuweka hajui. Chimba taratibu."

Mchanga ulikuwa laini. Fransis alichimba mpaka akazama kiunoni, jembe likagota ardhi ngumu isiyowahi kuguswa. Akajipangusa jasho.

"Hamna kitu, afande."

"Gonga ubavuni. Upande wa kaskazini, wa kibla."

Fransis akagonga. Sauti ikatoka ya mbao. Alikwangua mchanga, zikaonekana mbao fupi zimeegeshwa mshazari, kama mlango wa banda la kuku. Nyuma yake palikuwa na uvungu mdogo uliochongwa ubavuni mwa kaburi. Huo ndio mwanandani, chumba cha maiti, na zile mbao ndizo kiunza, wanavyozika Waislamu. Ndani ya uvungu palilala kifurushi cha bafta nyeupe, kirefu kama mkono.

Gozbert aligeuza uso. Mlangoni mwa nyumba Kokushubila alikuwa ametoka, amesimama wima, mikono imelegea. Hakusogea.

Kasiani alipiga magoti akaifungua bafta mwenyewe. Ikatoka harufu mbaya, lakini si harufu ya mtu. Ndani mlikuwa na kipande cha gogo la mgomba, limeoza, linachuruzika maji meusi.

Fransis aliguna, akataka kucheka, akajizuia.

"Ahaa!" Hija akapaza sauti. "Kaficha maiti, kaweka mgomba! Tazameni wenyewe. Mtoni hii nzima migomba iko kwa nani? Mie sina. Yupi mwingine anayo? Mhaya!"

Fransis akamnong'oneza Kasiani, "Afande, anasema kweli. Mgomba umetoka hapa hapa."

"Mgomba unakatwa na yeyote mwenye panga. Nieleze wewe: mtu atengeneze kaburi la uongo juu ya ardhi yake, aliwekee msalaba lionekane, ili anyang'anywe ardhi hiyo hiyo?"

"Hapana, afande."

"Basi funika shimo. Hicho kifurushi kiende kituoni."

Mtoni kulikuwa na mchimba kaburi mmoja anayejulikana, Mzee Mkumba. Kasiani alimkuta uani kwake anasuka makuti, miguu imenyooshwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe polisi siku hizi mnaamkia? Zamani mlikuwa mnapiga teke mlango."

"Mlango wako haupo, mzee, ni pazia."

Mzee akacheka, akaonyesha pengo. "Mngoni wewe, mtani wetu! Haya, kaa. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nauliza kaburi la mtoto, kwenye shamba aliloliuza Bi Hamisa. Lile lenye msalaba."

Mkono wa mzee ulisimama kwenye kuti. "Msalaba sikuuweka mie."

"Lakini shimo ulichimba."

"Nilichimba."

"Nani alikutuma?"

"Hija. Alinijia karani yuko kazini na mkewe kaenda sokoni mjini. Kaniambia mtoto wao amekufa, baba mtu anaona haya kuja mwenyewe, basi nichimbe niwaachie, watazika kwa namna yao. Nikachimba, nikamwombea marehemu dua, nikaondoka. Kuna kosa?"

"Ukachimba na mwanandani."

"Sasa nichimbeje?"

"Wale ni Wakristo, mzee. Shimo lao linakwenda chini moja kwa moja."

Mzee Mkumba aliweka kuti chini. "Ni kweli. Lakini mkono wangu unajua kaburi la namna moja. Nilipokumbuka kwamba ni wa misheni, ubavu nilikuwa nimeshautoboa. Nikasema, aa, mtoto ni mtoto, hawezi kukataa chumba." Akamtazama Kasiani usoni. "Kwani aliyelala mle si mtoto?"

"Ni mgomba."

 Mzee akasema polepole, "Mie niliuombea dua mgomba."

Hija alikuwa kwa muuza kahawa, baada ya alasiri, kikombe mkononi, watu wamemzunguka. Kasiani hakumwita pembeni. Alikaa kwenye benchi, akaagiza kahawa, akasema kama mtu anayeuliza bei ya samaki:

"Hija, bafta uliinunua wapi?"

"Bafta gani?"

"Mzee Mkumba amekwisha sema."

Watu waliokuwa wanaongea wakaacha kuongea. Mmoja akainuka akaondoka, kisha na wa pili. Hija alimaliza kahawa yake, akapindua kikombe, akakirudisha.

"Haya," akasema. "Kaburi ni langu. Umefurahi?"

"Kwa nini?"

"Barabara hii inatiwa lami, Sajini, hujasikia? Yuko tajiri wa mjini anataka mahali pa ghala, na anapataka pale. Shangazi kauza shamba la ukoo kwa mtu wa kuja, kabla ya wakati, bila kuniuliza. Nifanyeje, nipige makofi?"

"Ukatengeneza kaburi."

"Nilitengeneza, ndiyo. Lakini sikiliza vizuri, maana wewe unasifiwa una kichwa." Akasogea karibu. "Mtoto wao alikufa. Nimekwenda misheni, padri hana maiti ya Gozbert. Makaburi ya serikali, msimamizi hana. Basi yuko wapi? Yumo shambani! Hawa watu wa Bukoba huzika mgombani, kila mtu anajua. Hawaweki tuta, hawaweki jiwe. Nimetafuta kila nilipopata nafasi, nimechokonoa mpaka nikachoka. Niliposhindwa kuliona la kweli, nikaweka la kuonekana. Sharti kalivunja yule, si mie."

"Umewapa polisi taarifa ya uongo. Simama."

Hija akasimama. Hakubisha. "Nifunge. Lakini kesho Liwali atauliza neno moja tu: mtoto yuko wapi? Na wewe mwenyewe utaitwa ushuhudie, umekula kiapo. Utamjibu nini, mtani wangu?"

Fransis, aliyekuwa anangoja kando, akampeleka kituoni. Kasiani alibaki na kikombe chake mpaka kahawa ikapoa.

Jua lilikuwa linazama alipofika tena kwa Gozbert. Karani alikuwa amekaa barazani kwake bila tai, miguu ndani ya ndoo ya maji.

"Nimesikia umemkamata," Gozbert akasema. "Mungu akubariki, Bwana Sajini. Basi yamekwisha."

"Hayajaisha. Mtoto yuko wapi?"

"Kaburi umeliona ni la uongo."

"Kaburi la Hija ni la uongo. Mimi nauliza la kwako."

Gozbert alitoa mguu mmoja ndooni, akaurudisha.

"Bwana Gozbert, wewe ni mtu wa kusoma. Kesho nitaapishwa. Nikiulizwa kama hamna maiti shambani mwako, niape nini?"

"Niliweka kila nilichokuwa nacho hapa," Gozbert akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila kitu. Hata kwetu sikubakiza kitu. Nikinyang'anywa hapa tunakwenda wapi?"

"Sikuulizi unakwenda wapi."

Kokushubila alitoka ndani. Alikuwa mwanamke mrefu, kitenge kimefungwa kifuani, na Kiswahili chake bado kilikuwa na uzito wa ziwani.

"Yuko hapa," akasema.

"Nyamaza, mama!" Gozbert akainuka, ndoo ikamwagika.

"Nimenyamaza vya kutosha. Sajini, njoo."

Akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Katikati palikuwa na shina moja limekua kuliko mengine, chini yake majani makavu yametandazwa vizuri, kama kitanda. Hapakuwa na tuta. Mtu angepita hapo kila siku asijue.

"Kwetu," Kokushubila akasema, "mtoto halali kwa watu asiowajua. Analala mgombani, mlangoni kwao. Hata angekuwa wa saa moja."

Kasiani alivua kofia. Gozbert alikuwa amekuja nyuma yao, hana viatu.

"Nilimzika mimi," akasema. "Nililijua sharti. Nililisikia kwa masikio yangu, nikasema nimekubali, na nikalivunja. Andika hivyo."

"Hukulivunja," mkewe akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Uchungu uliponishika wewe ulikuwa bandarini. Unadhani nani alinizalisha?"

"Uliniambia mwanamke wa jirani."

"Kwani Bi Hamisa si jirani?"



"Alimpokea kwa mikono yake," Kokushubila akaendelea. "Alimwosha. Mtoto alipokata pumzi nikamwambia, Mama, sharti lako nalijua, lakini kwetu mtoto hulala mgombani.  Akatoka akakaa pale kaburini kwa mumewe muda mrefu. Aliporudi akasema: mwambie mumeo achimbe. Ila usimwambie mtu nilichosema, kikimfikia Hija sitakaa kwa amani katika nyumba yake."

"Na mimi je?" Gozbert akauliza. "Muda wote huu nakula chakula hakishuki, nadhani mimi ni mwizi wa ahadi! Mimi je?"

"Ulinikataza nisimtaje mtoto wala mahali pake. Ulisema tusiongee habari yake tena. Sikuongea."

 Mbu walikuwa wameanza.

"Mama," Kasiani akasema, "nakuamini. Lakini kesho Liwali hatakuamini. Mlalamikiwa hawezi kuja na ruksa ya mlalamikaji mdomoni mwake. Hija atasema hakuna ruksa, na yeye ndiye aliyeachiwa kumsemea shangazi yake. Mtu mmoja tu anaweza kusema ruksa ilitoka."

"Bi Hamisa."

"Na ameondoka asubuhi…" Hapo Kasiani akasita. Akaliona tena lile lori, bibi juu ya chumvi, kidole chake kinaonyesha. "Kinu," akasema.

"Kinu gani?" Gozbert akauliza.

"Mtu anayekwenda kuuguza habebi kinu. Anabeba kinu mtu anayehama. Au anayehamishwa."

Alfajiri iliyofuata, Kasiani alikuwa anakanyaga baiskeli barabara ya Kilwa, Mbagala, kisha Kongowe. Aliyakuta malori yamepanga mstari, madereva wamelala chini yake, na mbele yao mto Mzinga unakwenda mwekundu, daraja limebaki vishikio tu. Chini ya turubai palikuwa na wasafiri wanachoma muhogo. Bi Hamisa alikuwa kando peke yake, amekilaza kinu chake chini, amekikalia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa baiskeli. Nilikuonyesha, hukuelewa."

"Nimechelewa kuelewa. Mimi ni polisi."

"Nilijua. Hija alisema askari kanzu anakuja, ndipo akaharakisha lori." Akakipiga kinu kofi. "Aliniambia dada yangu anakufa. Nikapanda mbiombio, hata ndala nimesahau. Kutupa macho pembeni naona kinu changu kimefungwa. Sikukifunga mie. Nikajua safari hii haina kurudi. Lakini lori lilikuwa limeshaondoka, na mie siwezi kuruka."

"Na dada yako?"

"Jana kavuka mtu kwa mtumbwi, wa Kisiju. Nikamuuliza. Dada yangu yuko shambani, anang'oa muhogo mkubwa kuliko huu tunaokula."

Kasiani alichuchumaa mbele yake. "Bibi, Hija yuko mahabusi. Alichimba kaburi la uongo. Lakini leo Liwali anasikiliza shauri la shamba, na mtoto wa Gozbert amezikwa kule kweli. Nakuuliza: sharti limevunjwa?"

"Sharti la nani?"

"Lako."

"Basi mbona aliulizwa Hija?"

"Sasa nakuuliza wewe."

Bibi alitazama mto. "Mie niliogopa. Nilisema, wakizika wao, na watoto wao wakazika, atakuja mtu siku moja ahesabu makaburi aseme mume wangu ndiye mgeni, mng'oeni. Ndiyo nikaweka sharti. Nilikataza mgeni. Yule mtoto hakukaa duniani hata akawa mgeni. Mie ndiye mtu wa kwanza kumshika, na wa mwisho. Ningemwambia nini mama yake? Ampeleke wapi?"

"Utayasema haya mbele ya Liwali?"

"Nikiyasema, usiku nitalala wapi? Nyumba ni ya Hija."

 "Sijui, bibi," Kasiani akasema.

 Bi Hamisa akainuka, akajishika kiuno. "Haya, shika kinu. Mchi nitabeba mie."

Lori la mkaa wa pale pale Kongowe lililokuwa linarudi mjini likawapakia, na baiskeli juu yake.

Barazani palijaa watu. Hija alisimama kati ya askari wawili, na bado alikuwa anasema vizuri. Alisema la kaburi atajibu kwa polisi, lakini la sharti ni jingine. Mtoto yumo shambani, na Gozbert mwenyewe amekwisha kukiri mbele ya Liwali. Shangazi kasafiri kumuuguza dada yake, kamwachia yeye. Alikuwa katikati ya neno hilo Bi Hamisa alipoingia na mchi wake, masizi ya mkaa usoni. Watu wakampisha.

Liwali alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa sheria, si mtu wa huruma, akauliza swali la sheria:

"Bi Hamisa, sharti lako lilisikiwa na watu. Ruksa yako ilisikiwa na nani?"

"Na mwanamke mmoja."

"Naye ni mke wa mdaiwa. Haitoshi."

"Haitoshi?" Bibi akageuka, akawatazama waliokaa na waliosimama, mmoja mmoja. "Basi nyie nyote sikieni. Mtoto wa Kokushubila nilimruhusu mie. Nilimruhusu siku ile, namruhusu leo. Sharti ni langu, sikumpa mtu alibebe." Akamrudia Liwali. "Wamesikia wangapi sasa?"

Mtu nyuma akasema, "Tumesikia wote, mama!" na Liwali akamnyamazisha kwa kidole.

Akashauriana na wazee wake. Kisha akahukumu. Mwenye sharti ndiye mwenye kulidai, na aliye hai haachi kinywa chake kwa mwingine bila yeye mwenyewe kusema hivyo mbele ya baraza. Bi Hamisa amelilegeza kwa mtoto huyo mmoja, na haliendi zaidi ya hapo. Mengine yote yanabaki. Na kwa kuwa sharti liliwekwa kwa kuzunguka mpaka, ruksa nayo itasemwa kwa kuzunguka mpaka. Wakazunguka jioni ile ile, Bi Hamisa mbele, Gozbert nyuma, majirani wakifuata minyaa. Walipofika migombani bibi akasimama akayasema tena. Mzee Mkumba alikuwepo. Aliomba dua, safari hii kwa mtoto.

Hija alifungwa kwa taarifa ya uongo. Alipotoka alikwenda Rufiji kufanya biashara ya mbao, hakurudi Mtoni. Yule tajiri alijenga ghala lake ng'ambo ya barabara.

Gozbert alipelekwa kortini kwa kuzika bila kibali, akatozwa faini, akalipa. Kwa kuwa Liwali alikwisha kuamua, serikali haikumfukua mtoto. Gozbert alihamishiwa Mwanza baada ya miaka kadhaa, lakini shamba hakuuza. Kokushubila, aliyekuwa amekwisha kuzaa wengine wawili, alikataa kuhama, akabaki.

Bi Hamisa hakulala tena kwa Hija. Gozbert alimjengea chumba upande wa minyaa. Alikaa humo mpaka akafa, akazikwa kando ya mume wake kama alivyotaka. Kaburi lake lilichimbwa na mtu mwingine, kwa sababu Mzee Mkumba alikuwa amemtangulia. Kinu kilibaki kwa Kokushubila, kikapasuka, kikawa kuni.

Fransis aliacha upolisi akawa seremala. Lori la Kisiju liliingia mtoni Mzinga masika yaliyofuata, chumvi yote ikayeyuka, hakufa mtu.

Kasiani aliandika taarifa fupi. Bwana Inspekta alitaka kujua aliyemo kaburini, na Kasiani akaandika: mgomba. Alihamishiwa Lindi, akastaafu, akarudi Songea. Barabara ilipotiwa lami serikali ilichukua upande mmoja wa shamba pamoja na lile shimo la uongo. Makaburi yalikuwa upande wa pili. Hayakuguswa.